Uzito wa Sahani Tupu

Karakana ya fundi mizani ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mabawa mawili, unaotazama barabara. Asubuhi jua liliingia lenyewe mpaka juu ya meza ya kazi, likayakuta mawe ya shaba yamepangwa kwa ukubwa, mfano wa watoto wa nyumba moja waliosimamishwa kupigwa picha. Pembeni zilining'inia sahani, minyororo na mihimili iliyosubiri zamu yake. Na ukutani, ndani ya fremu ya kioo, palikuwa na mishororo miwili aliyoitunga fundi mwenyewe siku za ujana:

Ulimi nimeufunga, kwa kufuli la imani,
Wala sitoi kisanga, cha asiye hadharani.

Hakuitunga kwa ajili ya pambo. Alifunzwa chuoni, angali mdogo, kwamba kusengenya ni katika madhambi mazito ya ulimi, na fundisho lile lilimwingia likakaa. Tangu hapo, alipoulizwa habari za mtu yeyote asiyekuwepo, mwema au mwovu, alikuwa na jibu moja: "Ni mja wa Mungu kama sisi." Akiisha kulisema, alirudi kwenye kazi yake kwa utulivu wa mtu aliyelipa zaka.

Mtaa haukukawia kumpa jina. Ukamwita Mja. Mtu alipotaka kuajiri mwashi au mwezeka paa, watu walimwambia kwa utani, "Kamuulize Mja, atakupa sifa zake zote." Kuna jirani aliyekwenda kweli kumuuliza habari za mwezeka paa, akajibiwa kwamba ni mja wa Mungu, akamwajiri, na mvua ya kwanza ikamkuta kitandani.

Pua na mdomo na karakana hiyo palikuwa na kibanda cha kinyozi, na kinyozi alikuwa kinyume cha jirani yake kwa kila hali. Kila kichwa kilichoinama mbele yake kiliinuka kimepunguzwa nywele na kuongezwa habari. Wawili hawa walipendana sana, wakataniana kutwa.

"Jirani," kinyozi alisema siku moja akikung'uta kitambaa mlangoni, "siku Ibilisi atakapokuja kupanga chumba mtaani kwetu, tukikuuliza utasema ni mja wa Mungu kama sisi."

"Kwani si mja?"

"Mja, sawa. Lakini kama sisi?"

"Hapo ndipo kila mtu ajitazame kwenye kioo chako," alijibu fundi, na wote wawili wakacheka.

Jumatatu ya juma lile, dada yake mdogo alimjia karakanani. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, na tangu mumewe afariki, neno la kaka yake lilikuwa ndiyo nguzo anayoiegemea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa hapo, ondoa huo mnyororo. Habari za nyumbani?"

"Njema, na nyingine njema zaidi. Binti yako kaposwa."

"Alhamdulillahi! Na nani?"

"Fundi Mageti. Yule aliyekuwa mpangaji wako, chumba cha uani."

Tupa aliyokuwa akiisugulia shaba ilisimama. Dada hakuiona, maana alikuwa akiukunjua na kuukunja upindo wa mtandio wake, kama afanyavyo kila akiwa na furaha asiyoiamini bado.

"Ametuma wazee wake, watu wa heshima. Ami zake mtoto wameridhika, lakini nimewaambia wasubiri. Wewe uliishi naye ua mmoja. Huyu ni mtu gani, kaka?"

Fundi alikiona tena chumba cha uani. Aliuona mlango wake wa bati la kijani, na kufuli kubwa lililoning'inia kwa nje tangu asubuhi mwenye chumba alipokwenda kazini mpaka jioni aliporudi. Na ndani ya chumba, nyuma ya kufuli, alikuwamo mke. Jambo lile lilidumu msimu mzima. Kisha yule mke akaondoka, wakaachana, na Fundi Mageti naye akahama baada ya kulipa kodi yake yote na kuupaka mlango rangi mpya. Alikuwa mpangaji mzuri. Aliswali safu ya mbele.

"Ni mja wa Mungu kama sisi," alisema fundi.

"Basi?"

"Basi."

Dada akamtazama, akatabasamu, akasimama. "Mungu akuweke, kaka. Umenitua mzigo." Akatoka, na fundi hakulijali neno lile, kwa sababu watu hushukuru kwa mazoea.

Siku ya Jumatano akaja binti mwenyewe. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kukandia katika kiwanda kidogo cha mikate, na alikuja amekumbatia mizani iliyofungwa ndani ya gunia la unga, mithili ya mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Mjomba, shikamoo. Nimekuletea mgonjwa."

"Marahaba, mwanangu. Anaumwa nini?"

"Wateja wanasema mikate imekonda. Mwenye kiwanda anamshuku mkandaji, anasema anaiba unga. Mkandaji anaapa huku analia. Na mimi ndiye ninayepima kila donge kwa mkono wangu, na mizani inaniambia ni sawasawa."

"Mmeijaribu?"

"Mawe ni mapya, mjomba, bado yanang'aa."

"Sikuulizi habari za mawe." Aliiweka mizani mezani, akaondoa mawe yote, akapangusa sahani mbili kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua moja. Ndivyo alivyoanza kila kazi tangu alipojifunza ufundi, na kila mara alisema maneno yale yale. "Kwanza tupu."

Wakaingoja. Ulimi wa mizani ukayumba, ukatulia, nao haukutulia katikati. Uliegemea upande wa sahani ya donge, kidogo tu, kama mtu mwenye usingizi anavyoegemea bega la jirani.

Fundi akaipindua sahani ile. Chini yake, mahali ambapo jicho halifiki, palikuwa na gamba la unga uliokauka, tabaka juu ya tabaka, gumu kama ganda la kombe.

"Nani kaubandika?" aliuliza binti kwa sauti ya chini.

"Hakuna. Mikono yenye unga huishika sahani kwa chini kila siku, kila siku huacha chembe. Juu mnapangusa, kwa kuwa juu panaonekana."

"Kwa hiyo hakuna mwizi."

"Hakuna. Na kila aliyenunua mkate kapunjwa."

Binti akalitazama gamba lile kwa muda. "Ningeulizwa ningeapa, mjomba. Ningeshika msahafu nikasema sahani yangu ni tupu."

"Usingekuwa umesema uongo. Ungekuwa umesema usilolitazama." Akachukua kisu butu, akaanza kukwangua polepole, asilikwaruze bati.

Binti akavuta kigoda, akaketi. Kisha akasema, "Ijumaa baada ya sala wazee wake wanakuja kuchukua jibu. Mama keshakubali. Kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu? Nilisema nini?"

"Ulisema ni kama sisi."

Kisu kikasimama. "Nilisema ni mja wa Mungu kama sisi."

"Ndiyo. Mama akaenda akawaambia ami zangu: kaka yangu hamsemi mtu, tangu nizaliwe nyuma yake sijamsikia akimsema mtu. Huyu kamsema. Kasema ni kama sisi. Na watu wote mle chumbani wakasema, ah, basi kama Mja kasema ni kama sisi, tuulize nini tena?"

"Lakini neno hilo ninamwambia kila mtu!"

"Unaliambia mtaa. Mama hakuja kama mtaa, mjomba. Alikuja kama dada."

Fundi alikiweka kisu chini. Neno lile amelitumia umri wake wote kama sahani tupu: huliweka mbele ya muulizaji likiwa halina kitu, naye muulizaji hurudi kwao hana alichopata wala alichopoteza. Ndivyo alivyoamini. Hakuwahi kufikiri kwamba lingepokelewa na kupimiwa maisha ya mtu.

"Mimi nampenda, sikufichi," alisema binti akiinamisha uso. "Ana maneno mazuri na ni mchapakazi. Lakini juzi aliniambia nikiolewa niache kazi. Nikamwuliza, nitashinda nikifanya nini? Akacheka, akasema, usijali, nitakutengenezea geti zuri. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani kicheko kikaniisha, sikujua kwa nini. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Ni mtu gani, mjomba?"

"Mwanangu, mimi sisengenyi."

"Najua. Mtaa mzima unajua. Kinyozi anamsema kila mtu vibaya, wewe unamsema kila mtu kwa neno moja. Mwenye haja ya kujua akitoka kwake hajui kitu, akitoka kwako hajui kitu. Tofauti ni kwamba wewe unabaki na thawabu."

Kutoka kibandani, kinyozi akapaza sauti, "Nimesikia jina langu! Semeni kwa nguvu, msinisengenye!"

Fundi akacheka bila ya kutaka, kisha uso wake ukarudi. "Sikiliza. Mambo ya haki na batili yalikwisha kuwekwa na mwenye kuyaweka. Mtu akianza kuyauliza, hili kwa nini, lile kwa nini, mwishowe atauliza kwa nini aswali. Anayefukua msingi wa nyumba anayolala, hulala nje."

"Mizani hii umeipindua," alisema binti. "Umeivunja?"

Fundi akakirudia kisu, akakwangua chembe za mwisho, akairudisha sahani mahali pake.

"Sikwambii uliache katazo, mjomba. Nalifuata kama wewe. Nauliza tu, limewekwa limlinde nani?"

"Limlinde asiyekuwepo," alijibu fundi upesi, kama mwanafunzi aliyehifadhi. "Kwa kuwa hayupo, hawezi kujitetea."

"Sawa." Binti akaifunga mizani ndani ya gunia lake, akasimama. "Na katika jambo hili langu, asiyekuwepo ni nani?"

Aliuliza kwa nia safi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia habari za kufuli. Alidhani ameuliza swali dogo. Akaaga, akaenda zake kumtoa mkandaji katika tuhuma.

Alasiri ilimkuta fundi bado ameketi. Alikwenda msikitini akaswali, na baada ya sala hakuondoka na wengine. Alibaki pembeni ya nguzo akiligeuza swali lile kama anavyogeuza jiwe la shaba mkononi kabla ya kulipima.

Asiyekuwepo ni nani? Jibu la kwanza lilikuwa jepesi: Fundi Mageti. Yeye ndiye aliyetajwa, na heshima yake ndiyo iliyolindwa. Lakini nyuma ya jibu hilo palikuwa na mlango wa bati la kijani, na nyuma ya mlango palikuwa na mtu mwingine ambaye naye hakuwepo: hakuwepo barabarani, wala kisimani, wala katika mazungumzo. Yule hakumlindia chochote. Na alikuwapo wa tatu, binti wa dada yake kama atakavyokuwa mwakani, ambaye hayupo bado na hawezi kujitetea. Ikawa miaka yote amemhifadhi asiyekuwepo mmoja, yule mwenye ufunguo.

Akaendelea kukwangua, safari hii moyoni mwake. Alijua fika kwamba wanavyuoni wametoa ruhusa kwa anayeombwa shauri la ndoa aseme anachokijua. Alilisoma hilo chuoni, akalipita haraka, kwa sababu ruhusa haikumpendeza kama katazo. Katazo lilimtaka anyamaze tu. Ruhusa ilimtaka apime: aseme nini, kwa nani, kwa kiasi gani, na kwa nia ipi. Yeye aliyepima shaba na chuma kutwa aliona uzito wa kupima maneno. Na chini kabisa, palipokuwa pagumu kuliko kote, akalikuta jambo ambalo hakulitarajia: alipenda kuitwa Mja. Alipenda watu wakisema, yule hamsemi mtu. Chembe kwa chembe, jina lile lilikuwa limejibandika chini ya uchamungu wake, na yeye alikuwa akipangusa juu.

Hakuona kwamba katazo limevunjika. Lilikuwa pale pale, zima, la haki. Lililomshangaza ni kwamba alilichukua umri wote bila ya kulipindua hata mara moja, akadhani kutolipindua ndiko kuliheshimu.

Baada ya magharibi alimkuta mkewe akikunja nguo ukumbini.

"Unamkumbuka yule binti wa chumba cha uani?" alimwuliza.

"Mke wa Fundi Mageti?" Mkewe hakuinua uso. "Naikumbuka mikono yake. Uso sikuuona sana. Mikono ndiyo niliyokuwa nikiiona, ikipokea maji dirishani."

"Hukuniambia."

"Nilianza kukwambia. Nilisema, huyu mpangaji wetu jamani, nawe ukasema, mke wangu, asiyekuwepo asitajwe. Nikanyamaza. Katika nyumba hii asiyekuwepo ni walii. Ndiyo maana nikienda sokoni hukawia, nami nipate kuwa walii kidogo."

Fundi akacheka, kisha kicheko kikamkwama. "Aliondokaje?"

Mkewe akaiweka chini kanzu aliyokuwa akiikunja. "Kaka zake walikuja kumwamkia. Wewe ulikuwa karakanani. Wakaniuliza, mama, dada yetu hali yake vipi? Nikawapeleka mlangoni, nikawaonyesha kufuli. Ulitaka niseme ni mja wa Mungu kama sisi?"

"Wewe ndiye uliyesema."

"Mimi. Sikuongeza neno."

"Hukuogopa dhambi?"

"Niliogopa kweli kweli. Nikaketi nikajiuliza, hii hofu yangu ni ya nini hasa? Nikaona simwogopi Mungu katika jambo lile. Nakuogopa wewe."

Fundi akainama, akaichukua ile kanzu, akajaribu kuikunja, akaiharibu. Mkewe akamnyang'anya. "Ukitaka kusema juu ya posa ya binti, kesho nenda kwa mwenyewe kwanza," alisema. "Usimseme kabla hujamwambia kwamba utamsema. Hiyo ndiyo itakuwa tofauti yako na kinyozi."

Karakana ya Fundi Mageti ilikuwa pembezoni mwa mji, imezungukwa na mageti yaliyoegemezwa ukutani: yenye maua, yenye mikuki, yenye jua linalochomoza. Yalikuwa kazi nzuri, hakuna asiyekiri. Mwenyewe alivua miwani myeusi ya kuchomelea, akaja mbio.

"Mjomba! Karibu, karibu. Ungeniita tu ningekuja." Alikuwa kijana wa makamo, mcheshi, mwenye mikono iliyojaa alama za cheche.

"Nimeona nije mwenyewe. Nimeulizwa habari zako, kwa ajili ya ile posa. Mwanzo nilijibu jibu lisilo na kitu. Leo nakwenda kujibu vizuri, nami sipendi niseme nyuma yako nisilolisema mbele yako. Nitasema habari za kufuli."

Cheko likamtoka usoni yule kijana. "Lile? Mjomba, mambo ya mtu na mkewe! Mtaa ulikuwa na wezi. Nilikuwa namlinda."

"Wezi walikuwapo. Mimi nilikaa ua huo huo, na mke wangu nilimwachia ufunguo."

"Mwenzangu alikuwa mdogo, hajui mji." Akaipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Na hayo yamepita. Watu hubadilika. Wewe mwenyewe siku zote husema sote ni waja."

"Nasema, na nitaendelea kusema. Huenda umebadilika, sina mizani ya kupimia hilo. Nitasema nilichokiona, sitasema ulivyo. Na hili nalo, kwamba umesema umebadilika, nitalifikisha. Ukitaka, njoo leo jioni uwepo."

"Utanivunjia posa, mjomba."

"Ikivunjika kwa kweli, haikuwa nzima."

Fundi Mageti aliitundika miwani kwenye msumari. "Nitakuja," alisema mwishowe. "Sina cha kuficha." Na alionekana kuyaamini maneno yake.

Jioni walikutana ukumbini kwa dada: fundi na mkewe, dada mtu, binti, na Fundi Mageti amevaa shati lililopigwa pasi. Fundi akasema aliyoyaona kwa maneno machache, kama mtu anayesoma mizani: mlango, kufuli kwa nje, asubuhi mpaka jioni, msimu mzima, mke ndani. Akaongeza kwamba kodi ililipwa kwa wakati, kwamba hakuwahi kusikia tusi wala kipigo, na kwamba mwenyewe anasema amebadilika.

Dada yake aligeuka mwekundu wa macho. "Na Jumatatu ulijua haya?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niende nikatoe neno mbele ya wanaume, kaka? Mimi niliyekuja kwako peke yangu?"

"Nilikuacha. Nilidhani nimekupa sahani tupu. Nisamehe."

"Sahani! Mimi nakuletea mtoto, wewe unaniletea sahani!"

"Mama," alisema binti kwa upole, na dada akafuta macho kwa mtandio. Binti akamgeukia mchumba wake. Hapakuwa na ukali katika sauti yake, ila alikuwa ameikaza mikono yake mapajani. "Nataka kukuuliza jambo moja tu. Kama mle ndani moto ungewaka, je?"

Fundi Mageti alifikiri. Ilionekana wazi kwamba swali hilo lilikuwa geni kwake, na kwamba alilitafutia jibu kwa uaminifu. Kisha uso wake ukakunjuka, kama mtu aliyeipata hoja ya kumwokoa.

"Lakini haukuwaka," alisema.

Mke wa fundi akashusha pumzi ndefu. Binti akainamisha kichwa mara moja, polepole, naye alipokiinua macho yake yalikuwa na machozi na yametulia.

"Ahsante kwa kunijibu kweli," alisema. "Sasa najua."

Ijumaa wazee walipokuja walikaribishwa, wakapewa chai, wakaambiwa kwa lugha ya heshima kwamba riziki hii haikuandikwa. Hawakutajiwa sababu, kwa kuwa hawakuiuliza, na aliyeistahiki alikuwa ameshaipata.

Dada hakusema na kaka yake mpaka juma likaisha. Kisha akaja karakanani na bakuli la chakula, akaliweka mezani kwa kishindo, akasema, "Kula. Bado nimekasirika." Akaketi mpaka alipomaliza.

Mtaa ulisikia, kama mtaa unavyosikia, na kinyozi akangoja kuona kama jirani yake ameanza kuwa mtu wa habari. Akapata asichokitarajia. Mwanamke mmoja alipita akamwuliza fundi kwa nini yule jirani wa kona hasemi na mkwewe.

"Unauliza ili ufanye nini?" alisema fundi.

"Aa, nataka kujua tu."

"Ni mja wa Mungu kama sisi."

Haukupita muda akaja mtu anayejenga, akaulizia habari za mwezeka paa. Fundi akafungua kinywa kwa mazoea, "Ni mja wa..." akakifumba. "Unauliza ili ufanye nini?"

"Nataka aniezekee nyumba, mzee wangu."

"Kaa hapo. Nipe nafasi nifikiri nilichokiona, na kisha utakwenda naye juu ya lile paa la jirani, ulitazame akiwapo."

Kinyozi akatoka nje na mkasi mkononi, nusu ya kichwa cha mteja wake ikimsubiri. "Siku hizi kukuuliza wewe ni kama kwenda mbele ya kadhi! Zamani ulikuwa rahisi, jirani."

"Zamani sikuwa na kazi."

Kinyozi akaingia, akaangaza macho ukutani. Fremu ilikuwa imeteremshwa, ikafunguliwa, ikapanguswa mbele na nyuma, ikarudishwa. Mishororo miwili ya zamani ilikuwapo vilevile, haikufutwa herufi. Chini yake, kwa wino mpya, palikuwa na wa tatu:

Ila anayejikinga, humwambia kwa yakini.

Kinyozi akaisoma kwa sauti, akihesabu mizani kwa vidole, maana alikuwa mjuzi wa kukosoa. "Vina vimekaa. Lakini ubeti wa mishororo mitatu? Umepungua, ndugu yangu. Wa nne uko wapi?"

"Bado nautazama," alisema fundi. Alikuwa ameletewa mizani ya duka la misumari. Akaondoa mawe, akapangusa sahani, safari hii akaanza na upande wa chini, akarudi nyuma hatua moja akaungoja ulimi utulie.